Binti Yenu Si Asilimia Tatu



Leo hatuna mapishi wala mtindo mpya wa piko. Mnaosubiri sehemu ya pili ya singo na udi wa kuvukiza nguo mtuwie radhi, inakuja inshaAllah. Leo tuna hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yetu sisi.

Mnazijua harusi za Shaaban. Kila mtu anataka kumaliza kabla Ramadhani haijaingia, kumbi zimejaa, wapaka hina hawashikiki. Februari 2024 tulialikwa kwenye hina ya binti mmoja wa hapa hapa Unguja, miaka ishirini. Mtoto wa adabu, na kichwa chake mashaAllah: kidato cha sita kapata Divisheni Wani, tahasusi ya PCM, Hisabati A. Tangu mwanzo wa Januari alikuwa ameshatuma maombi vyuo vitano vya Marekani, vile vyenye majina makubwa. Basi yuko pale, mikono yote miwili ina hina mbichi, ameilaza juu ya mito, simu kaishika mdogo wake. Simu ikalia. Mdogo mtu akasoma kwa sauti: bibi mmoja aliyewahi kusoma katika chuo kimojawapo anaomba wapange siku wazungumze kwa video, nusu saa tu, na chuo kinakumbusha kwamba karatasi za kipato cha baba bado hazijafika.

"Chuo gani hicho?" akauliza shangazi yake. Akatajiwa. Shangazi akatoa simu yake, akatafuta, akasoma kama mtu anayesoma bei ya vitunguu: "Asilimia tatu. Watu mia, wanachukua watatu."

Mwengine akadakia, "Na bwana harusi je?"

"Bwana harusi asilimia mia!"

Chumba kizima kicheko na vigelegele. Na sisi tulicheka, tena tulipiga vigelegele. Mwenye hina hakucheka. Alitazama mikono yake, akamwambia mdogo wake azime simu.

Wiki ile ile akaandika barua pepe tano za kujitoa. Mwisho wa Machi, katikati ya Ramadhani, vyuo vile vilipotoa majibu yeye alikuwa jikoni kwa mama mkwe anakaanga sambusa. Hatusemi kukaanga sambusa ni aibu, tumeandika humu njia ngapi za kuzikunja. Tunachosema ni kwamba hakuna chuo kilichomkataa yule binti. Tulimkataa sisi, pale kwenye mkeka, kwa namba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua imetoka wapi wala inahesabu nini.

Na mnajua nini kimetuchoma zaidi? Mwezi wa Juni mumewe alikuja kujua habari yote, akamuuliza mkewe mbona hakumwambia. Mama wa binti ndiye aliyetuhadithia, huku anajifuta macho kwa mtandio. Kijana alisema, "Mimi nani aliniuliza?" Kweli. Tuliuliza simu, hatukumuuliza mtu.

Sasa na tuitazame hiyo namba. Tuchukue Harvard kwa sababu ndicho kila mtu anachokijua. Darasa lililoingia 2023 lilikuwa na maombi 56,937 na waliokubaliwa 1,942. Darasa lililoingia 2024, maombi 54,008, waliokubaliwa 1,937. Fanyeni hesabu, mtapata pungufu ya wanne kwa kila mia. Namba ni ya kweli, chuo chenyewe kimeitangaza. Uongo unaanza pale mtu anapoichukua akambandika msichana mmoja kwenye paji la uso.

Maana wale elfu hamsini na kitu si watu wa aina moja waliosimama foleni moja. Mwaka 2014 Harvard ilishtakiwa Boston kuhusu namna inavyochagua wanafunzi, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilitoa hukumu yake Juni 2023. Kesi ilikuwa juu ya rangi na asili ya waombaji, lakini kwa ajili yake makabati yalifunguliwa. Tukaona maafisa udahili wanampa kila mwombaji alama za 1 hadi 6, na 1 ndiyo bora: masomo peke yake, shughuli za nje ya darasa peke yake, michezo peke yake, na hata tabia yake. Tukaona pia kwamba, kwa waombaji wa Kimarekani wa miaka ile iliyochunguzwa, watoto wa waliosoma pale walikuwa wanakubaliwa karibu thuluthi moja, na wanamichezo waliotafutwa na makocha wa chuo zaidi ya wanane katika kila kumi. Hao wote wamo ndani ya namba ile ile ya wastani. Ukiwatoa, wanaobaki wana nafasi ndogo zaidi ya ile mnayoisoma kwenye simu. Na ndani ya hao wanaobaki wamo maelfu waliojaza fomu kwa kujaribu bahati tu, na wamo wachache ambao afisa akifungua faili lao anaweka chini kikombe chake cha kahawa.

Kwa hiyo asilimia tatu ni nafasi ya nani hasa? Si ya mtoto wa yule aliyesoma pale. Si ya mpiga makasia. Na si ya binti yenu. Ni kama mtu aseme kijana fulani wa Mkunazini ametamaniwa na wasichana mia, akamposa mmoja, basi kila msichana alikuwa na nafasi ya moja kwa mia. Shangazi yule yule angecheka mpaka aanguke. Angesema, inategemea msichana gani, kwao wapi, nani kampeleka habari, kijana mwenyewe anataka nini. Ehe! Kwenye posa tuna akili zote hizo. Likija jambo la skuli tunazifungia kabatini.

Hatutaki mtuelewe vibaya. Hatusemi kuwa ni rahisi. Ni vigumu, na kwa mwanafunzi wa nje ya Marekani ni vigumu zaidi. MIT, ambacho hutangaza namba za wanafunzi wa nje peke yao, huonesha kiwango chao kiko chini ya kile cha jumla. Msichana anayetuma maombi vyuo vya namna ile ajue kwamba majibu ya hapana ni mengi kuliko ya ndiyo, hata kwa wenye A tatu. Tunachokataa sisi ni kitu kingine: kulichukua neno "vigumu" tukaligeuza kuwa "basi".

Na wapo wanaocheza na namba kwa upande wa pili. Hawa nao wasidhani tutawaacha.

Mwaka jana mama mmoja alituonesha karatasi aliyopewa na wakala wa vyuo vya nje. Karatasi ina rangi nzuri, ina picha ya jengo lenye matofali mekundu, na katikati imeandikwa nafasi ya binti yake kukubaliwa: asilimia 85. Alilipa kwa karatasi ile pesa ambazo angenunulia cherehani, tena ile ya umeme. Tulimuuliza, wakala ameipataje 85? Akasema, "Ameingiza alama kwenye kompyuta." Basi. Kuna vikokotoo vingi vya namna hiyo kwenye intaneti: unaweka alama, unaweka shughuli mbili tatu, kinakutemea asilimia. Hakijasoma insha ya mtoto wako, hakijaiona barua ya mwalimu wake, wala hakijui mwaka huo chuo kina pesa kiasi gani cha kuwasaidia wanafunzi wa nje. Ni ubao wa ramli uliotiwa betri. Na yule anayeahidi "nafasi ya uhakika" kwenye chuo kinachokataa watu tisini na sita katika mia, ama hajui anachokisema au anajua vizuri sana.

Ushauri wa kweli upo na ni wa bure. EducationUSA, ofisi ya ushauri iliyo chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, haitozi senti. Hawatakwambia asilimia. Mtu asiyekwambia asilimia ndiye wa kumsikiliza.

Tumelitaja neno ramli, na hatukulitaja kwa utani. Sote tumefunzwa madrasa kwamba kwenda kwa kahini na mpiga ramli ni haramu, na kwamba ghaibu ni ya Allah peke yake. Tunalijua hilo kiasi kwamba mtu akionekana anatoka kwa mganga tunamsema mtaa mzima. Halafu tunakaa kwenye mkeka, tunamwambia msichana wa watu, "Rizki yako haipo huko." Nani kakwambia, mama? Umeiona wapi? Rizki ya mtu hata yeye mwenyewe haijui, sembuse wewe uliyekuja kula biriani. Kumtegemea Allah si kukaa. Mnakijua kisa cha bedui na ngamia wake, kwamba aliambiwa amfunge kwanza. Kutuma karatasi za kipato cha baba ndiko kumfunga ngamia. Na istikhara ni sala ya mtu aliye na jambo mkononi, anamwomba Mola amchagulie. Ukishamvunja moyo akajitoa, aswali istikhara ya nini?

Tuje sasa kwenye lile tulilolizunguka. Mara nyingi asilimia tatu siyo sababu. Ni pazia. Nyuma ya pazia kuna mambo ambayo watu wanaona uzito kuyasema: hatutaki aende mbali, tunaogopa atavua hijabu, tunaogopa umri utapita, mahram wake nani huko, watu watasema nini. Baadhi ya hayo ni maswali mazito na yana haki ya kuulizwa. Suala la mwanamke kusafiri na kukaa nchi ya mbali bila mahram wanavyuoni wamelizungumza, na hawakusema kauli moja. Familia ikae na shehe inayemwamini iulize. Baba akisema, "Mwanangu, roho yangu haitulii ukiwa Massachusetts peke yako," hilo ni neno la baba, binti analijibu, wanazungumza, pengine ami yake ana jamaa karibu na huko, pengine inapatikana njia, pengine haipatikani. Lakini baba akisema, "Nafasi yako ni asilimia tatu, acha ujinga," amemwambia mtoto kwamba yeye hafai. Na mtoto ataamini. Atakaa na neno hilo miaka ishirini, na siku moja atamwambia binti yake vivyo hivyo.

Kama hamtaki aende, semeni hamtaki aende. Msijifiche nyuma ya Harvard.

Na enyi mama zetu na shangazi zetu, mbona hesabu hizi hufanyiwa wasichana tu? Kijana akitaka kwenda Oman kutafuta kazi, hana cheti, hana mtu wa kumpokea, tunamchangia nauli na dua juu. Hakuna anayetoa simu akatafuta asilimia. Na hiyo "asilimia mia" ya bwana harusi tuliyoipigia vigelegele nani aliipima? Talaka za kisiwa hiki tunazijua, kila nyumba ina yake. Hatumwombei mtu mabaya, na ndoa ya binti yetu Allah aidumishe. Tunauliza tu kwa nini jambo moja lenye hatari tunaliita bahati nasibu na jingine lenye hatari tunaliita uhakika.

Basi kama asilimia hazifai, binti ataujuaje uzito wake? Kuna vitu vya kupimika, na kuvipima si ramli.

Kwanza yale matokeo. Divisheni peke yake haitoshi kusema. Tazameni masomo anayotaka kuyasomea, na ugumu wa alichokisoma ukilinganisha na skuli yake ilichokuwa nacho. Maafisa wa vyuo vile humsoma mtoto ndani ya skuli yake. Msichana wa skuli isiyo na maabara aliyepata A ya Kemia hasomwi sawa na wa skuli yenye maabara tatu. Halafu mtihani wa SAT: baada ya miaka kadhaa ya kusema si lazima, MIT iliurudisha 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard nao walitangaza kurudisha masharti ya mitihani. Jiandikisheni mapema, angalieni kituo kiko wapi, huenda ikawa boti na pa kulala Dar. Alama zikitoka, zilinganisheni na zile ambazo chuo chenyewe kinazitangaza kwa waliokubaliwa. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set, lina kila kitu mpaka idadi ya wanafunzi wa nje waliopewa msaada wa ada. Someni hilo badala ya maneno ya ukumbini.

Pili pesa, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wengi wanapoangukia bila kujua. Vyuo vingi vya Marekani vikiona mwanafunzi wa nje anaomba msaada wa ada, ombi hilo lenyewe linampunguzia nafasi. Ni vichache tu ambavyo huamua kwanza bila kutazama mfuko wa mzazi, hata kwa wanafunzi wa nje, kisha wakimkubali humlipia kile ambacho familia haiwezi, kama vile Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na Brown kuanzia maombi ya mwaka 2024. Stanford, kwa jina lake lote lile, hutazama mfuko wa mwanafunzi wa nje. Kwa hiyo msichana yule yule, alama zile zile, nafasi yake haiwi sawa vyuo viwili vilivyo jirani. Kikokotoo cha wakala kilijua hilo? Na ada ya kutuma maombi inaweza kusamehewa ukiomba. Watu wanaiuza pete ya mama kwa kitu ambacho barua moja ingekifuta.

Tatu, barua ya mwalimu. Hili linatuuma. Walimu wetu wana darasa la watoto sitini na zaidi, hawakuzoea kuandika barua za namna hii, wanatoa ile ile ya mwaka jana wanabadilisha jina: "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii." Afisa aliyeko ng'ambo anasoma barua elfu zenye nidhamu na bidii. Binti aende kwa mwalimu anayemjua kweli, amkumbushe ile siku alipopinga jibu la kitabu akaonesha kosa ubaoni, ampe muda wa mwezi mzima, na ampelekee kahawa na kashata.

Nne, wanetu wanaficha mambo yao mazuri kabisa. Tumewahi kusoma fomu ya msichana aliyeandika kwamba hana shughuli yoyote nje ya masomo. Hana! Yeye ndiye aliyefundisha juzuu ya Amma watoto arubaini kila jioni kwa miaka mitatu, yeye ndiye aliyeshika daftari la duka la mama yake, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake mgonjwa. Alidhani "shughuli" maana yake piano na kuogelea. Fomu ya Common App ina nafasi ya majukumu ya nyumbani, ina nafasi ya kazi, ina nafasi ya mambo ya dini. Jazeni. Kusema ukweli si kujisifu.

Baada ya kupima hayo, hamtakuwa na asilimia. Mtakuwa na orodha. Vyuo viwili vitatu vya kuota, vingine ambavyo alama zake na mfuko wenu vinalingana navyo, na pahala pa uhakika karibu na nyumbani. Wala msidhani pa karibu ni pa walioshindwa. Kampasi ya IIT Madras, taasisi ambayo vijana wa India wanakesha miaka kuitafuta, imefunguliwa hapa hapa Zanzibar, Bweleo, Novemba 2023, na mkuu wake wa kwanza ni mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam. Muhimbili inachuja watu wa udaktari kweli kweli. Na kwa familia zinazotaka mji wenye adhana, Doha kuna matawi ya Georgetown, Carnegie Mellon na Cornell ya udaktari, na Abu Dhabi kuna chuo cha NYU ambacho nacho huchagua kwa ukali. Wengi wetu tuna ndugu kule Ghuba. Hilo la mahram huenda likapata jawabu lake kwa khaloo aliyeko Doha.

Mabiharusi, na nyinyi tuna neno nanyi. Posa ikija wakati maombi yako njiani, mwambieni mposaji. Si kwa kumtisha, ni kwa kumheshimu: nimetuma maombi, majibu ni mwisho wa Machi, nikipata nataka kwenda. Walii wako alizungumze na upande wa pili kabla ya mahari kutajwa, liandikwe, na kadhi aulizwe sharti kama hilo lina nguvu gani, maana madhehebu hayakulichukulia masharti ya ndoa kwa namna moja. Kwa kanuni za mwaka 2024, mume wa mwanafunzi aliweza kuomba viza ya kumfuata mkewe Marekani, ila hakuweza kutegemea kufanya kazi kwa viza hiyo. Naye ayajue hayo mapema. Akikataa, amekataa kwa kujua. Akikubali, umepata mwanamme. Na msije mkakataa kijana mwenye dini na tabia kwa sababu wakala amekuuzia 85 yake. Hilo nalo tumeliona, na halikuisha vizuri.

Jibu likija la hapana, lia, oga, ule. Afisa aliyekukataa hajui harufu ya nyumba yenu, kasoma kurasa kumi na tano kukuhusu na amesoma za wengine elfu siku zile zile.

Tunaandika haya Agosti 2024, matokeo ya kidato cha sita yametoka mwezi uliopita, na fomu za mwaka huu zimeshafunguliwa. Maombi ya mapema mwisho ni tarehe 1 Novemba kwa vyuo vingi, ya kawaida ni mwanzo wa Januari. Jumamosi iliyopita alitupigia simu mama mmoja, bintiye kapata Divisheni Wani ya PCB, na posa imeingia wiki hiyo hiyo. Hata salamu hazijakwisha, akatuuliza, "Haya, niambieni, nafasi yake ni kiasi gani?"

Tukamwambia, "Bi mkubwa, hatujui. Barua ya mwalimu imeshaandikwa?"

Akanyamaza. Akasema mwalimu wa Baiolojia amehamishwa, yuko Pemba, Wete, na simu yake haipatikani tangu Idi.

"Na mposaji ameshaambiwa?"

"Baba yake atakwenda kuzungumza nao Ijumaa baada ya sala."

Tukauliza na la mwalimu je. Tukamsikia anamwita mwanawe, anamwuliza boti ya Pemba ya Alkhamisi inaondoka saa ngapi, na kama ile bahasha ya vyeti iko bado juu ya kabati.